Hewa Ndani ya Pikapu ya Baba

Kuna harufu ya injini iliyochemka: maji ya kutu, mpira wa moto, na utamu fulani mbaya unaokaa kooni. Juzi nilipita gari limesimama kando ya barabara ya Nakuru, boneti juu, mvuke unafuka, mwenyewe amejishika kiuno, na badala ya kumhurumia nikajikuta natabasamu. Msinihukumu haraka. Ngojeni kwanza niwaeleze.

Baba alikuwa na pikapu nyeupe, kuukuu, aliyobebea maziwa ya majirani kutoka kwetu Subukia hadi Nakuru. Mama alikuwa akiyapokea maziwa langoni, akiyanusa na kuyapima, na Baba alipoanza kusumbuliwa na mgongo, Mama akajifunza kuendesha. Akawa anaupanda ule mlima wetu asubuhi na mitungi ikigongana nyuma.

Pikapu ile ilikuwa na tabia yake. Ukiitia maji, hewa hubaki ndani, ikajificha huko juu kwenye injini, na maji yakashindwa kuzunguka. Kwenye tambarare huoni kitu. Ukifika katikati ya mlima, mshale wa joto unaruka kama umechomwa sindano. Baba aliteseka nayo mwaka mzima kabla hajaielewa. Basi kila alipoitia maji, aliipandisha kwenye tuta la udongo kando ya lango, pua ikiangalia juu, akaacha kifuniko cha rejeta wazi injini ikiwa bado baridi, akafungua hita mpaka mwisho, ndipo akawasha. Kazi yangu ilikuwa kuikamua ile paipu nene ya mpira iliyo juu, kama unavyomkamua ng'ombe mwenye chuchu ngumu. Viputo vilipanda kimoja kimoja, naye akiongeza maji polepole kwa jagi. "Iache ipumue," alikuwa akisema. Viputo vikiisha na hita ikianza kutoa joto la kweli, tulifunga kifuniko. Haya yote tuliyafanya Jumapili, Mama akiwa ameshatangulia kanisani kwa mazoezi ya kwaya, na nikaamini kwamba duniani ni sisi wawili tu tunaoijua siri hiyo.

Halafu Baba akafa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Maua ya kaburi hayajanyauka, Anko Mwaura, mdogo wake Baba, mtu wa Nakuru wa kuvaa viatu vya kuchongoka, akasimama sebuleni kwetu mbele ya wazee wa ukoo.

"Lete ufunguo," alimwambia Mama. "Huu mlima si wa mwanamke. Utaiua gari ya ndugu yangu."

Wazee wakaangalia vikombe vyao. Mama akautoa ufunguo kwenye mfuko wa aproni, akauweka mezani, akaenda jikoni. Nikamchukia yule mtu kwa chuki ambayo sikujua mtoto anaweza kuwa nayo. Niliwachukia hata wazee, nikamchukia hata aliyewapikia chai.

Tangu siku hiyo maziwa yakawa yanakwenda kwa boda boda, mitungi miwili miwili, yakirushwa rushwa na mashimo ya barabarani, na mengine yakifika yameganda. Majirani wakaanza kumwambia Mama samahani, mmoja mmoja, wakapeleka maziwa yao kwingine. Bila pikapu kazi yake ilikuwa inakufa. Sisi tulijua, na Anko alijua pia, kwa maana yeye alikuwa akipita langoni kwetu amejaza kabichi, akapiga honi.

Sasa sikilizeni ujuaji wa mtu huyu. Siku ile ile aliyoichukua, aliitazama ile paipu ya mpira akasema imezeeka, akaibadilisha hapo hapo uani. Maji yote yakamwagika. Akajaza mengine, gari ikiwa kwenye tambarare, akafunga kifuniko akaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya tuta. Nikasema moyoni, hakufungua hita. Hakukamua. Nikafunga mdomo.

Wiki hiyo hiyo ikamchemshia mlimani. Kwa kuwa kwetu ni chini kidogo ya mlima, alirudi kwa miguu kuomba maji, na mimi ndiye niliyemjazia mtungi. Niliujaza mpaka ukafurika, kwa adabu zote. Kila alipoyatia yale maji kwa haraka, alikuwa akijiongezea hewa.

Makanika mwenye akili angeigundua. Lakini Anko hakuwa mtu wa kumuuliza makanika. Alikuwa mtu wa kumwambia. Tuliyasikia kwake mwenyewe kila alipokuja na mtungi. Wa kwanza alimwambia ni pampu ya maji, ikabadilishwa. Wa pili alimwambia ni themostati, ikang'olewa ikatupwa. Wa tatu, wa kule Salgaa, aliyezoea malori, alitaka kuangalia kwanza kama kuna hewa, Anko akamkata kauli kwamba ni gasketi. Akafunguliwa injini nzima. Ikachemsha tena.

Nilifurahi. Nasema ukweli mtupu, nilifurahi mpaka nikajiogopa. Na sikumwambia Mama, kwa sababu Mama alikuwa mtu wa tenda wema nenda zako. Nilijua angemkimbilia shemeji yake kumweleza, na pikapu ingekuwa imetuponyoka milele.

Mchana mmoja Anko alikuja mkono umebabuka kwa mvuke. Mama akamtia asali, akamfunga kitambaa, akarudi kuambua maharagwe. Anko akanigeukia, na kwa mara ya kwanza akaniita jina langu.

"Wanjiku, wewe ulikuwa ukishinda hapa na baba yako. Alikuwa akifanya nini na hii gari?"

Niliona mikono ya Mama imesimama juu ya sinia.

"Alikuwa akiiombea," nikasema. "Kila Jumapili. Anaipandisha kwenye tuta, anainama kwenye boneti."

Hata si uongo kamili. Mikono ya Mama ikaendelea na maharagwe.

Wiki iliyofuata Anko alileta mchungaji. Pikapu ikapakwa mafuta kwenye boneti na magurudumu yote manne, mchungaji akakemea mpaka sauti ikakwama, Mama akampa chai. Kisha gari ikaupanda mlima na baraka zake zote, ikachemsha pale pale. Hapo ndipo maneno yalipoanza sokoni, kwamba marehemu amekataa. Wenye kabichi wakaanza kumkwepa. Anko mwenyewe akawa akiingia ndani ya gari ile anachungulia kiti cha pembeni.

Alhamisi moja akaileta langoni, akasema hataki mambo na wafu. Mama hakunyoosha mkono. Alimwacha auweke ufunguo mezani mwenyewe. Alipoondoka, Mama akangoja injini ipoe, akaingia, akaipandisha kwenye tuta, akafungua hita mpaka mwisho, akashuka na jagi.

"Kamua," akaniambia.

Nikamuuliza amejuaje.

"Kabla wewe hujazaliwa, unadhani nani alikuwa akikamua?"

Kesho yake alipanda mlima na mitungi yake, na mshale haukutikisika. Majirani walirudi, wengine kwa aibu, na Mama akawapokea akiyanusa maziwa yao kwa ukali kidogo kuliko zamani.

Nilishakuwa mtu mzima nilipomuuliza kwa nini hakuniambia kwamba anajua. Akacheka. "Nilikuwa naomba kila siku," akasema, "usije ukamhurumia."

Miaka yote ile nilidhani kimya cha Mama ni msamaha. Kumbe tulikuwa wawili nyumba moja, kila mmoja amekaza midomo yake, akiogopa moyo mwema wa mwenzake. Sijui kama Mungu amelisamehe hilo, na mimi sijaomba.

Anko amezeeka sasa. Krismasi huja kwetu, na kila mwaka, chakula kikishaliwa, huwasimulia wajukuu jinsi ndugu yake alivyomkatalia gari yake kutoka kaburini. Mama husimama nyuma yake na birika, akamwongezea chai.

"Ni kweli, shemeji," humwambia. "Alikataa kabisa."