Madoa ya Alaso

Kuanzia Kirewa mpaka Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, kuna muhogo uitwao Alaso. Haukutoka maabara wala kwenye gunia la msaada. Ulipewa jina la mwanamke aliyeugawa, mjane wa miaka sitini na mbili, ambaye maishani mwake hakuwahi kumnyima mtu mbegu wala kumuuzia. Anayeuza mbegu ya muhogo, alisema, kesho atamuuza mama yake.

Binti zake waliolewa Nagongera, Rubongi na ng'ambo ya mpaka, na kila mmoja alitoka nyumbani na mzigo wa mashina ya muhogo uliofungwa kwa kamba. Wakwe nao wakawagawia wakwe zao. Na kwa kuwa kizuri hakikosi waigaji, watu walijua kuutambua Alaso halisi: majani yake yana madoa ya njano na yamejikunja kidogo, kama pua ya mtu aliyenusa kitu. Usio na madoa waliutupa.

Kisha akaja Sandra, daktari wa mimea, akachuma majani katika mashamba arobaini, akaenda nayo. Aliporudi, aliitisha mkutano kwenye ukumbi wa kanisa. Habari zilikuwa zimeshaenea: mkulima mmoja atachaguliwa kutunza shamba mama la mbegu safi. Alaso alivaa gomesi yake ya harusi za watu wakubwa, akakaa mbele kabisa.

"Ugonjwa wa muhogo wenu unatokana na kirusi," Sandra alianza. "Ni kidogo hadi aibu. Jenomu yake, yaani maagizo yake yote ya maisha, imeandikwa kwenye viduara viwili tu. Cha kwanza kinajua kujinakili na kujishonea koti, na koti hilo ndilo linalokipa nafasi ya kubebwa na nzi weupe. Cha pili hakijui hayo. Kazi yake ni kutembeza, kutoka seli hii kwenda ile, kama mgeni wa nyumba kwa nyumba. Bila hicho, mwenzake hukwama mlangoni."

"Mzembe huyo wa pili," Alaso alinong'ona. "Kazi kuzurura."

Sandra akatundika ramani. Kirusi cha mashamba yote arobaini kilikuwa karibu kimoja, herufi kwa herufi, na dalili yake ilikuwa madoa ya njano. Mistari myekundu ilitoka Nagongera, ikatoka Rubongi, ikavuka mpaka, yote ikakutana kwenye nukta moja Kirewa.

Opendi, jirani wa Alaso, ndiye aliyeangua kicheko kwanza. "Daktari, hiyo si ramani ya ugonjwa! Hiyo ni ramani ya harusi za mabinti wa Alaso!"

Alaso hakucheka. "Si umesema nzi?"

"Nzi anabeba, Mama. Lakini safari ya kutoka hapa mpaka Busia, alisaidiwa."

"Basi kiduara cha pili ni mimi." Akasimama aondoke.

"Keti, Mama. Shamba mama ni lako."

"Fisi mwampa bucha!" Opendi alilalamika.

"Mashirika mawili yamegawa mbegu safi hapa," Sandra alijibu, "na hazikuvuka hata barabara ya lami. Za Mama zimevuka mpaka. Naitaka njia hiyo hiyo. Ila choma ile ya zamani, Mama, na mpaka tuje tupime tena, usimpe mtu hata pingili moja."

Alaso alichoma. Mihogo mipya aliyoletewa ikaota kijani kitupu, na wapita njia wakamwonea huruma.

Wa kwanza kuja na kamba alikuwa Benedeta wa Busia ya Kenya, mama wa mkwewe. Alitazama shamba kwa mashaka. "Mkwe, mihogo yako mbona kijani hivi? Inaumwa?"

"Ni mizima."

"Haya, nifungie mzigo."

"Sikupi." Neno lilimtoka kama jino. "Mpaka wapimaji waje."

"Nimeulizwa kitambulisho mpakani mara mbili, nije kusikia habari za wapimaji? Muhogo wako umeanza lini kuwa na askari?"

Mkwe haondoki mikono mitupu. Alaso alikamata kuku, akamfunga miguu, akampa. Benedeta alimpokea, kwa kuwa kuku hakuwa na kosa, lakini kamba aliitundika kwenye ua. "Hii naiacha hapa. Ikutie haya."

Kufikia siku ya wapimaji, kamba saba zilikuwa zinaning'inia pale, na banda la kuku lilikuwa kimya. Miaka ishirini ya kueneza ugonjwa ilimpatia Alaso jina kwenye muhogo. Miezi tisa ya kuuzuia, na huko Nagongera watu wakaanza kusema: mchoyo kama Alaso.

Wapimaji hawakukuta kirusi. Hakuna mkwe aliyerudi. Basi Alaso akaiangua kamba ya Benedeta, akafunga mzigo, akapanda bodaboda, akavuka nao mwenyewe.

Benedeta aligeuza majani machache yaliyobaki kileleni, upande huu, upande ule. "Huu si Alaso. Madoa yako wapi?"

"Alaso ni mimi, mkwe. Nitazame, nina madoa?"

Benedeta alimzunguka polepole, kama anayechagua ng'ombe mnadani.

"Una makunyanzi tu," alisema mwishowe, akaingia ndani kutafuta panga. "Na ile yangu ya zamani?"

"Lete kiberiti," Alaso akasema.