Gari Lililoondoka Nekesa Akiwa Shuleni

Ninyi vijana mtakaosoma haya mkiwa mmelala chali na simu usoni, kaeni vizuri kwanza. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo sina Kiswahili cha kuremba. Nitawaambia nilichokiona hapa Savage, Minnesota, kwa mwanangu mwenyewe, na hadi leo mdomo wangu haujafunga vizuri.

Lakini nianze kwetu Bungoma. Enzi zetu mtoto alikuwa na kazi, na kazi ilikuwa na heshima yake. Asubuhi uji wa wimbi, moto wa kuchoma ulimi, kisha malishoni. Tulicheza kati, mmoja akikwepa katikati huku wenzake wakimrushia mpira wa majani makavu ya migomba. Mvua ikinyesha tulikimbilia kumbikumbi tukawala hapo hapo, mabawa yakitukwama menoni. Hakuna aliyesema amechoshwa na maisha. Ungemwambia nani? Mama angekujibu, "Umechoka? Basi shika jembe upumzike."

Nyumbani hatukuwa na wavulana wakubwa, hivyo fahali wa baba, Madoa, nilimchunga mimi. Alikuwa na kiburi kama chifu. Siku moja mnunuzi akaja, wakakubaliana na baba, akataka kuondoka naye. Mimi nilikuwa mtoni. Baba akakataa katakata. "Aliyemchunga hajafika," akamwambia. "Keti unywe uji." Yule mtu akanung'unika, akatazama jua, akanywa uji, akanung'unika tena. Nilipofika, baba aliniambia mbele ya watu wote kwamba Madoa anauzwa, na kwa nini, kisha akanipa kamba nimkabidhi mwenyewe. Nililia kamasi zikanitoka. Lakini nililia nikijua. Kwetu mnyama hatoki bomani aliyemchunga akiwa hajui. Nilidhani dunia nzima inalijua hilo. Nilidhani mwanangu Barasa nilimlea akilijua.

Barasa ni nesi, anafanya kazi mpaka macho yanakuwa mekundu. Miaka kadhaa iliyopita alinunua gari la Kimarekani la zamani, milango miwili, pua ndefu kama mamba, injini ya V8, kutu kila mahali. Nikamuuliza, "Umenunua banda la kuku?" Lakini kila Jumamosi yeye na bintiye Nekesa waliingia gereji. Na Nekesa, ambaye ukimsalimu kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, huko chini ya gari alisema Kiswahili! "Baba, lete spana." "Baba, shika taa vizuri, unanimulika macho." Nilikuwa nasimama mlangoni, chai inapoa mkononi, nasikiliza tu. Siku injini iliponguruma mara ya kwanza majirani walichungulia madirishani, na mimi nikasema Bwana asifiwe. Milango ilikuwa bado haina rangi na viti vilikuwa sponji tupu, lakini gari lilikuwa limefufuka.

Basi Ijumaa moja nasukuma chapati, nikasikia minyororo. Natoka na unga mikononi: gari liko juu ya lori, na mzungu mwenye ndevu anampa Barasa mkono.

"Barasa, nini hiki?"

"Nimeuza, Mama. Theluji inakuja. Mama Nekesa kila mwaka anakwangua barafu kwenye gari lake alfajiri, na gereji imejaa chuma. Muda wa kulimaliza mimi sina."

Sababu nzuri, sikuipinga. "Nekesa anajua?"

"Nitamwambia jioni. Huyu mtu ana haraka."

"Mwambie aketi anywe chai. Mtoto yuko njiani kutoka shule."

"Mama, hapa ni Amerika. Mtu haketishwi hivyo."

Lori likaondoka. Nilibaki nimesimama nje kama niliyepigwa kofi na mtoto wangu.

Nekesa alifika akikimbia, ameshika kioo cha pembeni, kile walichokuwa wakikitafuta mwaka mzima. Alikipata kwa muuza vyuma vya zamani, akakilipa kwa pesa yake ya kazi ya likizo. Akaingia gereji. Doa la mafuta sakafuni, basi. Barasa akaanza kueleza kwa Kiswahili, maneno yakimkwama. Mtoto akamsikiliza hadi mwisho, halafu akamjibu kwa Kiingereza, kwa adabu, kwamba hakuna shida. Akaenda chumbani kwake, akafunga mlango.

Adabu ile ilinitisha kuliko kilio. Barasa naye akanitazama kama mtu aliyeamka akajikuta katikati ya barabara.

Enzi zetu hatukuwa na gari, wala gereji, wala chumba cha kujifungia ukikasirika. Ulilia mbele ya watu, mtu akakuuliza unalilia nini, jambo likasemwa likaisha. Siku hizi nyumba ina milango mingi, na nyuma ya kila mlango kuna mtu anasema hakuna shida.

Jioni niliwaita mezani wote. Sikupaza sauti.

"Kesho ni Jumamosi. Mama Nekesa, gari lako litalala nje siku moja zaidi, hutakufa. Barasa na Nekesa, asubuhi mtaingia gereji na spana zenu. Najua gari halipo. Kiti changu kinayumba, anzeni nacho. Na mlango nitaufunga mimi kwa nje, mpaka niwasikie mnagombana kwa Kiswahili."