Masika Ndani ya Behewa

Tulipohamia kwenye behewa nilikuwa nimechoka hata kabla mvua za masika hazijaanza. Mafuriko ya vuli yalikuwa yamebeba tuta la reli nje kidogo ya Kilosa, mume wangu akapata kibarua cha kulinda vifaa vya mafundi, na makazi yetu yakawa behewa kuukuu la mizigo, chuma kitupu, lililoachwa kwenye njia ya pembeni.

Halikuvuja. Hilo ndilo lililonishangaza, kwa sababu tuliloa vilevile. Pumzi zetu na mvuke wa sufuria niliyopikia mlangoni vilipanda juu, vikakutana na chuma cha baridi, na asubuhi dari lote lilitoka jasho na kutudondokea. Godoro liliota ukungu kwa chini. Nguo za kanisani nilizificha kwenye ndoo yenye mfuniko. Zilizobaki zilinuka uvundo. Kila siku nilifuta kuta, nikakamua tambara, nikageuza godoro, nikafuta tena. Mume wangu akirudi alikuwa anavua buti mlangoni na kulala.

Wiki ya tatu, mchana mmoja mvua ikiwa haikatiki, nikasema leo godoro litakauka. Niliingiza jiko la mkaa ndani, nikavuta mlango, nikaziba upenyo kwa gunia. Nikasikia joto hadi kwenye vidole vya miguu. Kichwa kikaanza kuuma. Nikadhani ni uchovu, nikajilaza kidogo.

Nilizinduka nikiwa nje, matope shavuni, mama mkwe wangu ameniinamia. Alikuwa ameshuka kutoka Berega kutuletea unga na maharage. Alibisha hodi, hakuitikiwa, akauvuta ule mlango mzito peke yake na kuniburuta hadi kwenye mvua.

"Shikamoo, mama," nilisema nikiwa bado chali.

"Marahaba. Pumua kwanza." Alisubiri nimalize kutapika. "Ulitaka mwanangu awe mgane kwa ajili ya godoro?"

Tangu harusi tulikuwa hatujazungumza zaidi ya salamu na habari za shamba. Nikaanza kulia mbele yake.

"Nimechoka, mama. Nimechoka kulowa."

Nilitegemea anikaripie. Akakaa kwenye matope kando yangu, kitenge chake kizuri kikalowa chote.

"Najua," alisema. "Mwaka niliomzaa huyo mume wako tulikuwa tunalala kwenye kibanda cha shambani. Nililia masika yote, na sikumwambia mtu."

Alikaa nasi siku nne. Alimwamuru mwanawe agonge vidirisha viwili vya juu vilivyoganda kwa kutu mpaka vifunguke.

"Lakini mama, baridi itaingia," mume wangu alilalamika.

"Iingie. Mtavaa masweta."

Jiko likahamia nje chini ya turubai. Godoro tukaliinua juu ya mbao, ukutani tukatundika magunia makavu. Jioni alipasha mawe, akayafunga kwenye kanga na kuyaweka miguuni petu.

Hatukukauka kabisa. Ila dari liliacha kutudondokea, na kichwa hakikuniuma tena. Masika yalipokwisha kazi ikahamia Mikumi, tukapata chumba cha matofali. Siku ya kwanza nililala tangu asubuhi hadi alasiri, na mume wangu akapika bila kuniamsha.