Ndugu Yangu Kwenye Foleni ya Sabuni

Ndugu yangu mdogo alipofungwa Nakuru, mwanzoni nilimtembelea kila mwezi. Siku hizo mlitenganishwa na waya, kila familia ikipiga kelele ili isikike juu ya nyingine. Alinieleza kwamba walilala sakafuni wakiwa wamebanana, mmoja akigeuka wote wanageuka, na ndoo ya choo iko hapo hapo. Baadaye mambo yalibadilika. Waliletewa magodoro, kisha ikaanzishwa siku ya familia, mtu akaweza kukaa na mfungwa wake kwenye nyasi na kumshika mkono. Lakini wakati huo mimi nilikuwa nimeacha kwenda. Nilikuwa nimehamia Kiamunyi, na huko nilisema ana kazi Mombasa.

Halafu akina mama wa kanisa letu wakaamua kuwatembelea wafungwa. Kukataa kungeleta maswali. Nikaenda, nikapewa katoni ya sabuni nigawe.

Alikuwa kwenye foleni, amekonda. Aliponiona alifungua mdomo. Akaangalia kitambaa cha kikundi nilichojifunga kichwani, akawaangalia wale mama, akaufunga.

"Chukua, kijana," mwenyekiti wetu akamwambia, akiwa kando yangu. "Na usiende kuibadilisha na sigara!"

"Mimi sivuti, mathe. Labda nimuuzie huyu askari, anaihitaji kuliko mimi."

Wote wakacheka, hata askari mwenyewe. Nikamwekea kipande mkononi.

"Asante, mama," akaniambia mimi, dada yake niliyembeba mgongoni. "Mungu akubariki."

Akasogea, akaja mwingine.

Alitoka mwaka uliofuata akiwa mgonjwa, akarudi nyumbani Subukia. Nami nikarudi huko, nikamuuguza miezi minne. Siku ile hatukuitaja. Kila asubuhi nikimpelekea uji nilijiambia leo nitamwomba msamaha, na kila asubuhi aliniwahi kwa kuniuliza habari za watoto.

Kwenye mazishi ni mimi niliyepewa kusoma historia ya marehemu. Nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu, na niliandika ukweli: kwamba alifungwa miaka saba, na kwamba nilimkana mbele ya watu. Wale mama wa kanisa walikuwa wameketi mbele, chini ya hema. Nilipofika kwenye mstari huo sauti ilikwama. Mwenyekiti akadhani ni kilio, akainuka akaniletea maji.

"Jikaze, mama," akaninong'oneza. "Tuko na wewe."

Nikanywa. Nikairuka ile miaka saba, nikaendelea kusoma kuanzia alipougua.