Sahani ya Baba

Wauza mchele wa Kindu hunitumia ujumbe kwa simu, na programu niliyoiandika inausoma: magunia mangapi, mchele umetoka wapi. Wengine wanataja Lubutu, wengine hawataji mahali popote. Kwa hiyo kwenye kanuni ya kutafutia maneno, jina la mahali nililitia ndani ya mabano, nikamalizia na alama ya kuuliza: likiwepo lichukue, lisipokuwepo endelea. Bado programu ilikwama. Kanuni yenyewe iliukubali ujumbe usiotaja mahali, ila mstari uliofuata ulikwenda kuchota jina pale patupu bila kuuliza.

Nilinuna siku nzima, mpaka nilipomkumbuka Mama.

Wakati wa vita Baba alikuwa Kampene, na barabara ilikuwa imefungwa. Kila jioni Mama alimpakulia wali na sombe ya majani ya muhogo, akafunika sahani, akaiweka mahali pake kwenye mkeka. Hakuifunua kabla ya kutuuliza, "Baba yenu iko?" Tukijibu "Haiko," alitugawia chakula chake. Sahani ile tuliipenda kuliko zetu.

Basi niliongeza mstari mmoja tu: kwanza uliza kama kuna kitu. Programu ikatembea, nami nikacheka peke yangu, kwa sababu ya jioni moja ambayo Mama aliuliza kama kawaida, sisi tukajibu kwa pamoja "Haiko," mikono tayari imenyooka, na sauti ikatoka mlangoni:

"Niko."