Gripi ya Mama Kapinga

Mama Kapinga, mwenye farmasi hapa Katuba, hajui kungojea jambo limkute. Mwezi wa tano haujaisha, vumbi ndiyo kwanza linaanza kutukwaruza koo, na yeye tayari ameshusha kila chupa kutoka rafuni. Dawa zilizopita tarehe amezitenga. Siropu za watoto amezihamisha kutoka dirishani zisipikwe na jua. Parasetamoli, sabuni, vipimajoto, vyote viko mahali pake. Nje ameweka benchi, wanaokohoa wangojee kwenye hewa badala ya kupumuliana ndani. Mimi ni fundi cherehani, mlango wangu unafuatana na wake, na benchi hilo lilitoka kwangu. Sikuombwa, niliambiwa.

Mwaka huu aliongeza jambo. Jumapili baada ya ibada aliwasimamisha akina mama uani mwa kanisa, akawaambia kwamba gripi haiogopi antibiotiki, na kwamba kwake hakuna atakayeuziwa kapsuli kwa sababu ya mafua. Mtu apumzike, anywe vya moto, atulize homa. Akishindwa kupumua, au homa ikikataa kushuka, aende kwa daktari. Sasa sisi watu wa hapa, kapsuli za rangi mbili tunazipenda kama pipi. Wengi walicheka. Mama Mwansa, muuza makala ya kupikia, mteja wake wa miaka yote, hakucheka.

"Miye bila kapsuli siponaka," alisema. "Kama njo vile, tutaenda kwa Guelor."

Guelor ana duka la dawa ng'ambo ya barabara, na hajawahi kumnyima mtu kitu.

Mama Kapinga alirudi amekaza uso, lakini mimi niliiona hofu yake. Wateja wakihama wakati wa baridi, wakati wa mvua hawarudi.

Mganga hajigangi. Wiki hiyohiyo, nani alianguka wa kwanza? Yeye! Pua ikawa bomba lililopasuka, sauti ikakauka kabisa. Akaketi nyuma ya kaunta amejifunga kitenge mpaka masikioni, kikombe cha tangawizi na limau mkononi, akiuza kwa vidole. Mtaa mzima ukaja kununua sabuni usiyoihitaji, kumbe unataka kuona atameza nini. Mimi mwenyewe nina sabuni ya kutosha mpaka Krismasi.

Mumewe, Papa Adrien, ni mtu mpole ambaye hawezi kumsikia mkewe akikohoa. Asubuhi moja hakuaga, alivuka barabara, akarudi na plaketi ya kapsuli, kila moja kwenye kijumba chake, akaiweka mezani mbele ya wateja wote.

"Meza tu mbili, Kapinga. Naona vile unateseka, roho inaniuma."

Ng'ambo, Guelor alikuwa amesimama mlangoni, meno yote nje.

"Mumeona? Hata bwana yake anakuya kwangu!"

Nilikuwa na pasi ya moto mkononi. Mungu alinisaidia, sikuvuka.

Mama Kapinga alimtazama mumewe. Machozi yalimlenga, na hayakuwa ya mafua peke yake. Akamshika mkono, akaukandamiza kidogo. Kisha akaichukua ile plaketi, akanionyesha kwa kidole nimletee uzi, akaining'iniza juu ya kaunta, kila anayeingia aone kapsuli zote zimo.

Basi watu wakawa wanaingia kukagua. Nje wakamwona ameketi kivivu juani, ndani wakaiona plaketi nzima. Homa ikashuka, kikohozi kikalegea, sauti ikarudi, kwanza kama ya jogoo mchanga, halafu ile yake ya kutuamrisha. Hakuna kapsuli iliyotoka. Nilifurahi kana kwamba nimepona mimi.

Ndipo gripi ikamgeukia Papa Adrien. Aliingia farmasi imejaa watu, Mama Mwansa akiwa mbele kabisa, akapiga chafya ya kutikisa chupa. Kila mtu aliitazama plaketi, kisha akamtazama yeye. Mama Kapinga, ambaye sasa sauti alikuwa nayo, aliendelea kufuta kaunta.

Papa Adrien alijikuna kichwa.

"Kapinga, na miye unipe ile ya kwako."

Mkewe akamjazia kikombe, akakishika mpaka alipomeza funda la kwanza. Hakuna aliyecheka. Mama Mwansa alikohoa kidogo ndani ya kiganja, akainama juu ya kaunta.

"Ile tangawizi, mama, unatiaka namna gani?"