Mubangi Mlangoni kwa Wakonyo

Mwalimu Selpha Aketch alitoka Kisumu akaja kutufundishia watoto katika shamba la kahawa hapa Ruiru, mwaka wa hamsini na tano. Mimi sikumpenda. Ati mwalimu, na kutwa anazunguka na watoto kwenye magugu! Tena mubangi, si bangi, majani yale yenye harufu kali ambayo sisi wanawake tuliyang'oa kwenye kahawa mpaka hata ugali ukanuka mikono yetu.

Alitia mahindi kwenye mikebe miwili, na mmoja akauongezea majani ya mubangi. Wadudu wakala mahindi ya ule mwingine, ya huo wenye mubangi wakayaacha. Haya, hapo alinipata kidogo. Halafu akawaambia watoto kwamba mahindi yetu asili yake ni Mexico, ng'ambo kabisa, na kwamba mubangi una ndugu huko, ua kubwa la rangi ya machungwa. Siku ya kukumbuka wafu, watu wa huko hulimwaga njiani ili roho zinuse zijue njia ya nyumbani. Alisimuliwa na mtawa wa huko aliyemsomesha.

Sasa, mume wangu Kagwe alikuwa amechukuliwa na askari wa mkoloni mwaka uliotangulia, wakati wa Hali ya Hatari. Hakuna aliyeniambia yuko wapi, wala kama bado anapumua. Jioni moja natoka kazini, nakuta mubangi umetandikwa kutoka barabarani mpaka mlangoni kwangu. Mtoto wangu Waceke amesimama hapo, anacheka.

"Namwonyesha baba njia," akasema.

Ngai, Mungu wangu! Nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu. "Nani amekwambia mume wangu amekufa? Unamfundisha mtoto wangu kumzika baba yake?"

Hakujitetea. "Pole sana, Mama Waceke. Sikufikiria. Nakuja kuutoa mwenyewe."

Akaja, akainama, akaanza kuokota huku machozi yanamtoka. Waceke akamshika mkono.

"Mwalimu, wacha! Baba hajakufa. Kwani mtu aliye hai hanusi?"

Mwalimu akasimama na mubangi mikononi. Uchungu niliokuwa nimeufungia mwaka mzima ukanitoka, nikalia mbele ya huyo huyo niliyekuwa nikimsengenya. Kisha nikaupokea mubangi mikononi mwake, nikaanza kuutandika upya. Yeye akanisaidia.

Asubuhi nyapara akapita, akanicheka. "Wakonyo, huku unalipwa ung'oe magugu, na kwako unayatandika?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Kuna mtu anakuja."